Daftari la Mwalimu: presha ilishuka, lakini nani aliishusha?

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo usinipime kwanza. Soma hapa."

Alikuwa ameingia chumba cha vipimo na kaunta buku kwapani, akalifungua mezani kwangu kabla hajakaa. Kila siku asubuhi na jioni, kwa miezi kadhaa: tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, mapigo ya moyo. Hati ni ya mwalimu wa darasa la kwanza, herufi zimesimama wima kama watoto mstarini. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu na chini yake ameandika: "Siku ya 1 bila kidonge, 134/82. Siku ya 2, 137/84. Siku ya 3, 136/82."

"Umeona?" akaniuliza. "Kumbe ni taamuli tu, kule kukaa kimya nikifuata pumzi, ndiyo iliyokuwa inanishushia. Vidonge nimevimeza bure."

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha na sukari katika mji mdogo wa pwani, mkoa wa Tanga. Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi, mjane, ana miaka 62. Jina lake naliacha. Kisa chake ameniruhusu nikisimulie kwa sharti moja, kwamba namba zake nisizipunguze wala kuziongeza. Nakisimulia kwa sababu swali alilokuja nalo, kama taamuli inaweza kuchukua nafasi ya vidonge, huletwa kliniki kila wiki, ila wengi huja nalo mikono mitupu. Yeye alikuja na ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa mzuri kiasi cha kumpotosha.

Nilimfunga mkanda wa mashine, nikamwacha akae dakika tano bila maneno, nikapima. Siku ya nne bila kidonge: 138/84. Kliniki yetu huhesabu presha ya kupanda kuanzia 140/90, kwa hiyo alikuwa chini ya mstari. Mtu mwenye daftari, mwenye namba nzuri, ukimwambia kwamba amekosea, ana haki ya kukutaka umwonyeshe ni wapi.

Namba 15 zilizoondoka zenyewe

Ili nieleweke ni lazima nirudi nyuma miezi sita, na nianze na kosa letu wenyewe.

Siku aliyokuja mara ya kwanza alikuwa kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Alipoitwa aliingia kwa haraka asije akapitwa, akaketi ukingoni mwa kiti, mkono ukining'inia bila pa kuegemea, mkono wa gauni umekunjwa juu ukambana kama kamba. Mkojo ulikuwa umembana pia, alikuja kuniambia baadaye. Na mimi, huku mashine inajaza upepo, nilikuwa namuuliza umri na kijiji anachotoka, naye ananijibu. Mashine ikasoma 172/100. Wiki iliyofuata, katika foleni ileile, 166/98.

Kuzungumza peke yake wakati wa kupimwa kunaweza kupandisha namba ya juu kwa takriban 10. Kibofu kilichojaa, mgongo usioegemea, miguu iliyopishana, mkono uliolegea chini, chai au sigara ndani ya nusu saa, kila kimoja kina mchango wake. Tunayajua haya tangu chuoni. Lakini ukiwa na watu sabini nje na mashine mbili, dakika tano za kumwacha mtu akae kimya huonekana kama anasa, na siyo.

Mara ya tatu nilimpima inavyotakiwa. Alipata nafasi ya kwenda haja, akakaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono uko mezani usawa wa moyo, midomo imefungwa. Nilipima mara mbili, wastani ukawa 157/95. Bado ilikuwa presha ya kupanda na bado ilihitaji dawa, ila namba 15 zilikuwa zimekwenda zake kabla hajameza kitu wala kufumba macho.

Hapo ndipo kisa chote kinapoanzia kwangu. Tuseme Mwalimu angeanza taamuli siku ile ya 172 na kupimwa vizuri wiki mbili baadaye. Tungeandika kwamba taamuli imeshusha presha kwa 15, na tungeapa.

Jambo hili limewakuta hata watafiti makini. Mwaka 1975 Dk. Chandra Patel wa Uingereza na mwenzake North walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa 34. Kundi moja lilifundishwa kwa wiki sita kujilegeza kwa njia za yoga likisaidiwa na vifaa vinavyomwonyesha mtu hali ya mwili wake, na kundi la pili likapumzika tu kawaida. Kundi la kwanza lilishuka kutoka 168/100 hadi 141/84, yaani namba 27 nzima, kazi ambayo hata vidonge huihenyea. Kisha tazama la pili: lilitoka 169/101 likafika 160/96. Hawa walipumzika tu, na namba tisa zikaondoka. Ni kuzoea chumba, kuzoea mkanda, kumzoea anayekupima, na ile kawaida kwamba mtu huchaguliwa siku yake mbaya na siku zinazofuata huwa afadhali.

Waholanzi walilichimba zaidi. Mwaka 1990 van Montfrans na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, utafiti wa watu 35 wenye presha iliyopanda kidogo. Walifuatiliwa mwaka mzima, na mwanzoni na mwishoni presha yao ilisomwa mfululizo kutoka ndani ya mshipa wenyewe, mtu akiendelea na shughuli zake. Wastani wa presha ya mchana haukubadilika, si kwa waliofundishwa kujilegeza, si kwa wasiofundishwa. Nilipousoma niliona kama mtu amezima taa. Patel alikuwa ameipa taamuli 27, Waholanzi wakaipa sifuri. Daftari la Mwalimu liliangukia katikati.

Sauti ya WhatsApp

Baada ya kipimo kile cha tatu daktari alimwandikia amlodipini miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Watoto wake wakachanga wakamnunulia mashine ya nyumbani. Niliilinganisha na yetu, zikapishana kwa namba mbili tu. Wiki nne baadaye wastani wake ulikuwa 143/87.

Hapo ndipo kundi lake la kikoba lilipopata sauti. Zinazunguka nyingi na hii ilikuwa mojawapo: mwanamume asiyejitaja, mwenye sauti ya upole, anawaambia wasikilizaji wakae kimya nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, wafuate pumzi zao, na baada ya siku 21 watupe vidonge vyote vya presha, kwa kuwa mwili umeshajiponya. Aliiita meditesheni. Mwalimu alifundisha Kiswahili miaka thelathini na kitu, na jambo la kwanza lililomkera ni neno.

"Lugha ina taamuli, ina tafakuri, ina kuzingatia. Yeye kaona zote hazifai?"

Hata hivyo alijaribu. Wiki ya kwanza ilimshinda. Akifumba macho aliiona siku ya maziko ya mumewe, akawa analia mkekani. Nalisema hili kwa sababu wengi hueleza taamuli kama kwamba ukimya ni mtamu kwa kila mtu. Mtu mwenye msiba mbichi, au aliyepitia kitisho, anaweza kukaa kimya akakuta kile alichokuwa anakikimbia kinamngoja. Mwalimu alitafuta njia yake mwenyewe: akaacha kufumba macho, akawa anatazama mwembe uani. Akapunguza nusu saa ikawa dakika 15. Akawa anavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, polepole, kama anavyohesabisha watoto. Ukipiga hesabu hiyo, nne na sita ni sekunde kumi hivi, pumzi sita kwa dakika.

Hakujua kwamba ameangukia mahali penye utafiti. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha kazi ndogo inayonivutia hadi leo. Watu wazima 23 wenye afya walisali Rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine wakakariri mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Katika yote mawili pumzi ilishuka yenyewe hadi karibu sita kwa dakika, na mwitikio wa mwili unaodhibiti presha ukawa mkali zaidi. Nilimsimulia Mwalimu nikidhani atafurahi, nikaongeza kwamba pengine tasbihi yake nayo inafanya kazi hiyohiyo. Alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, mimi simtaji Mungu kwa ajili ya presha."

Niliomba radhi. Alikuwa sahihi, na nimejifunza kulitenganisha hilo. Baada ya sala ya alfajiri huvuta tasbihi yake akamaliza, akaiweka. Kisha huhamia kiti cha uani na kuanza hesabu ya nne na sita. Ibada mbali, tiba mbali, na mwenye kuamua mpaka upite wapi ni yeye.

Ule mwitikio wa mwili unaodhibiti presha unafanya kazi namna hii. Shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, na kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna neva zinazohisi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Damu ikisukuma kwa nguvu hupeleka habari kwenye ubongo, nao hupunguza mapigo na kulegeza mishipa. Presha iliyokaa muda mrefu huzifanya neva hizi zizoee kiwango cha juu na kukiona ndicho kawaida. Pumzi ndefu na ya taratibu huzinoa, na hutuliza zile neva za hamaki zinazobana mishipa mtu akiwa na wasiwasi. Lakini presha ya mwezi na ya mwaka haiamuliwi hapo peke yake. Figo ndizo zinazopanga chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini, na figo za mtu aliyekula papa mkavu wa chumvi mchana hazibadilishi mpango wao kwa sababu ya dakika 15 za asubuhi. Ndiyo maana naamini taamuli ina kazi ya kweli, na kazi hiyo ina ukomo wake.

Wiki sita baada ya kuanza, wastani wake wa wiki ulikuwa 136/83. Kutoka 143, namba saba. Aliongeza majuma kadhaa, namba zikakaa palepale, na asubuhi moja akaacha kidonge.

Siku ya kwanza hadi ya kumi na nne

Tunarudi kwenye siku ile ya nne bila kidonge. Nilimwita daktari, akaja, akavuta kiti akakaa naye. Ushauri wake ulikuwa mmoja, arudi kwenye dawa leo. Mwalimu alikataa, kwa adabu lakini alikataa. "Nipeni wiki mbili. Namba zikipanda nitawaambia mwenyewe." Hatuwezi kumlisha mtu mzima kidonge kwa nguvu. Tulikubaliana apime asubuhi na jioni, na akiona 160 kwenye namba ya juu arudi siku hiyohiyo. Daktari akamwambia pia kwamba 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuona ukungu, ganzi ya upande mmoja au ulimi kuwa mzito si jambo la kusubiri kliniki, ni la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Kisha nikamweleza kitu ambacho sauti ya WhatsApp haikumweleza. Amlodipini hutoka mwilini polepole sana. Nusu yake huhitaji kati ya saa 30 na 50 kuondoka, na nusu ya iliyobaki huhitaji muda kama huo tena. Mtu aliyeimeza kwa miezi, siku tatu baada ya kuacha, bado ana dawa ya kutosha kwenye damu. Ile 134 ya siku ya kwanza, ile 136 ya siku ya tatu, hata 138 niliyoipima mimi, zote zilipimwa kidonge kikiwa bado kazini. Presha hupanda taratibu, kwa wiki moja hadi siku kumi hivi, ndipo hufika kwake. Kama ingekuwa dawa inayotoka upesi angeiona tofauti mapema. Hii humdanganya mtu kwa upole.

Aliandika maneno yangu pembeni mwa ukurasa, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Alirudi siku ya 14 kama alivyoahidi. Siku ya 6 ilisoma 143/87. Siku ya 8, 147/89. Siku ya 10, 151/92. Siku ya 12, 154/92. Asubuhi ile, 152/93. Nilipopima mimi nilipata 153/93. Hakukosa kukaa kwenye kiti chake cha uani hata siku moja katika hizo kumi na nne, aliziandika zote.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza.

"Vizuri kabisa. Kichwa hakiumi, nalala, nakula. Ningekuwa sina mashine ningesema nimepona."

Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi katika kazi hii. Watu hungoja kisogo kiume ndipo waamini wana presha. Kwa wengi hakiumi kamwe.

Nilidhani ataona aibu, nikawa nimetayarisha maneno ya kumpoza. Badala yake alirudisha kurasa nyuma hadi kwenye kipimo changu cha tatu, kile cha kabla ya dawa, akaweka kidole.

"Hapa sina kidonge, sina taamuli, 157. Leo sina kidonge, nina taamuli, 152. Hizo tano ni zangu."

Daktari alicheka kwa furaha, na mimi nikaona nimepewa somo. Alikuwa amefanya ulinganisho safi kuliko wote katika daftari lake. Kipimo ni cha namna moja, mashine yake na yetu hazipishani sana, na dawa haimo upande wowote, maana siku ya 14 ilikuwa imeshatoka karibu yote. Kilichotofautisha ni kukaa, kadiri mtu mmoja na siku moja zinavyoweza kuonyesha. Presha huyumba siku kwa siku, na tano ni namba inayoweza kuletwa na usingizi mzuri. Sikumficha hilo. Lakini sikumnyang'anya namba zake.

Tano ni nyingi au chache? Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 48 ya dawa za presha yenye watu zaidi ya laki tatu. Kila namba ya juu iliposhushwa kwa 5, hatari ya mashambulizi ya moyo, kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi ilipungua kwa takriban asilimia 10. Hizo zilikuwa tano za vidonge, na sina haki ya kuapa kwamba tano za taamuli zinalinda vilevile. Hata hivyo asiziite chache mtu anayejua kiharusi kinavyoiacha nyumba.

Na hazikuwa ngeni. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, kilitoa matokeo ya watu 201. Waliofundishwa kwa wiki nane kuzingatia mwili na akili, pamoja na mambo ya chakula, mazoezi na kumeza dawa, walishuka baada ya miezi sita kwa wastani wa 5.9, na waliwazidi wenzao wa kundi la pili kwa 4.5 hivi. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Chama cha Moyo cha Marekani kilipima njia zilizo nje ya dawa na chakula. Mazoezi kama kutembea kwa kasi yalipata daraja la juu kabisa, kupumua polepole kwa kuongozwa na kifaa kukapata daraja la kati, aina moja ya taamuli ya mantra ikaruhusiwa kufikiriwa, na aina nyingine hazikupewa pendekezo kwa ukosefu wa ushahidi. Ningekuwa na uwezo wa kumwagiza Mwalimu jambo moja tu zaidi ya kidonge, lingekuwa kutembea. Yeye alichagua kukaa, na jambo analolifanya mtu kila siku nalipenda kuliko jambo bora asilolifanya.

Miguu

Sasa nifike kwenye sababu iliyokuwa imefichwa, ambayo ilipaswa kuulizwa na sisi tangu mwezi wa kwanza.

Daktari alimuuliza: kwa nini hasa ulitaka kuviacha? Nilitegemea majibu ninayoyasikia kila siku, kwamba ukianza dawa za presha umefungwa maisha, au kwamba dawa zinachosha figo (figo huchoshwa na presha yenyewe ikiachwa juu). Mwalimu alinyanyua gauni kidogo akaonyesha vifundo vya miguu.

"Sasa ni vyembamba. Nilipokuwa nameza, ikifika jioni vilivimba, viatu havinitoshi. Nilikwenda harusini na kandambili."

Kuvimba vifundo ni jambo linalojulikana sana kwa amlodipini. Si la kutisha, lakini ni la kweli, na lina njia zake. Mwalimu hakusema kwa kuwa hatukuuliza, na kwa kuwa mtu wa rika lake haoni uzuri wa kumlalamikia daktari kijana kuhusu viatu. Sauti ya WhatsApp haikumshawishi kwa nguvu ya hoja. Ilimpa ruhusa aliyokuwa anaitafuta. Kama aliporudi kuchukua dawa mara ya pili angeulizwa dakika mbili tu, daftari hili lisingekuwa na mstari mwekundu.

Alibadilishiwa dawa akapewa losartani miligramu 50, baada ya kupimwa figo na madini ya damu. Wiki sita baadaye, pamoja na kiti cha uani, wastani wake ulikuwa 134/82 na viatu vinamtosha.

Kisha maisha yakatuletea jaribio ambalo tusingethubutu kulipanga. Binti yake alijifungua Dar es Salaam, Mwalimu akaenda kukaa naye siku za arobaini. Nyumba ya vyumba viwili, mtoto mchanga, wageni wa pongezi kutwa. Kukaa kimya hakukuwezekana hata siku moja, na aliliandika hivyo daftarini: "Leo pia sikukaa." Kidonge hakukosa hata kimoja kwa sababu binti alikuwa anampa mkononi na maji. Wiki ya mwisho huko wastani ulikuwa 139/85. Aliporudi na kuendelea na kiti chake, wiki mbili baadaye ukawa 134/83.

Tano tena. Ni kweli Dar alikuwa halali vizuri, na mtoto anayelia saa nane usiku anaweza kudai namba zake humo. Nimeuacha mlango huo wazi. Lakini mara mbili, kwa njia mbili zisizofanana, daftari limetaja namba moja.

Zinabaki zile saba za mwanzo, kutoka 143 hadi 136, ambazo Mwalimu alizipa taamuli zote. Tulizihesabu upya kwa njia ya kawaida kabisa, kwa vidonge vilivyobaki. Huwa namwambia kila mgonjwa aje na maboksi yake, nami naandika. Mwezi wa amlodipini peke yake, kati ya vidonge 30 vilibaki saba. Karibu siku moja kati ya nne alisahau. Mwezi wa kwanza wa taamuli kilibaki kimoja. Nilipomuuliza kulibadilika nini, alifikiri kidogo, akasema kwamba alipoanza kukaa uani alihamisha vidonge kutoka kabatini akaviweka kwenye kigoda kando ya kiti, pamoja na glasi ya maji na saa. Anameza, anatazama saa, anaanza kuhesabu.

Kwa hiyo sehemu ya zile saba ilikuwa ya kidonge kilichokuwa kinamezwa hatimaye kila siku. Ni sehemu gani siwezi kuigawa, kwa sababu vitu hivyo viwili vilianza asubuhi moja, kwenye kiti kimoja. Mwalimu alipoliona hilo alichukua kalamu, akafuta "taamuli" aliyoiandika kando ya 136 akaandika "taamuli na kigoda."

Kigoda hicho nimewaambia wagonjwa wengi tangu hapo. Wengine hawana nia ya kukaa kimya hata dakika moja, basi wanaweka vidonge kando ya mswaki, au juu ya redio ya taarifa ya asubuhi.

Mwezi uliopita ile sauti ilirudi kwenye kundi la kikoba, imeletwa na mtu mwingine, na siku 21 zilezile. Mwalimu aliwajibu kwa sauti yake mwenyewe, akanitumia na mimi nisikilize kama kuna kosa. Inaanza bila salamu. Anasoma kutoka kwenye daftari, polepole, kwa sauti ya imla: siku ya kwanza, 134 kwa 82. Siku ya pili, 137 kwa 84. Anasoma hadi ya kumi na nne, 152 kwa 93. Unasikia ukurasa unageuzwa. Halafu anawataja wenzake wanne kwa majina yao, na kila mmoja anamwambia siku yake ya kliniki na kwamba aje na maboksi ya vidonge, na anayetaka kufundishwa hesabu ya nne na sita apite uani kwake saa moja asubuhi, akiwa ameshameza.